Kutua Njiani, Kutalii Maneno

Maneno yanayotenganishwa na mkazo peke yake ni machache katika Kiswahili, na mwalimu wa isimu akitaka mfano hukimbilia uleule: barabara. Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo ada ya lugha yetu, umetaja njia kuu ya magari. Ukiurudisha mkazo nyuma silabi moja, umesema "sawasawa", "kama inavyotakiwa": kazi imefanyika barabara, amemjibu barabara. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimepita barabara ya Nairobi bila kuipita barabara hata siku moja. Nilikuwa nikipanda basi la usiku. Makindu, Kibwezi na Sultan Hamud niliyajua kwa sauti ya makanga akiwaamsha abiria wa kushuka, au kwa taa ya kituo cha mafuta iliyonipiga usoni nikageukia upande wa pili na kuendelea kulala.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, tuliamua kwenda mchana. Mke wangu ni wa Mutomo, Kitui Kusini. Kaka yake ndiye aliyeendesha gari, na kwa kuwa yeye ndiye aliyejibu karibu kila swali langu, nitamwita hapa kwa jina tunaloitana: shemeji. Nalipenda neno hili kwa kuwa halina mkubwa wala mdogo. Mimi kwake ni shemeji, yeye kwangu ni shemeji, na tukiitana hivyo hakuna aliye juu ya mwenzake. Safari ya kutoka Nairobi hadi Mutomo, kisha Kitui mjini, shemeji huimaliza kwa siku moja na jioni ikabaki. Sisi tuliipa siku tatu.

Kabla hatujafika Salama nilikwisha kujiuliza: mwendo huu tuuiteje? Safari lilikuwa neno la kwanza kunijia, na ni neno zuri, lakini ni pana mno. Kwenda kuzika ni safari, kwenda kortini ni safari. Kiingereza kililichukua kwetu katika karne ya 19, na huko limekaa na tembo na hema. Ziara nayo ina heshima kubwa kuliko sisi. Pwani tunazuru makaburi ya masharifu, na redioni ziara ni ya Rais. Matembezi ni ya miguu, saa kumi na moja jioni, jua limepoa. Lililobaki ni utalii, na hilo nililikwepa kwa muda, kwa sababu nimekulia mji ambao mtalii ni Mzungu aliyeungua mabega kwa jua, hana jina lingine. Serikali imejaribu kulitanua kwa kusema "utalii wa ndani", lakini nyongeza hiyo inanikera. Inakiri kwamba utalii wenyewe makao yake ni nje, na huu wa kwetu ni tawi tu.

Lakini neno si la kutupwa kabla ya kulifungua. Talii limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kupitia maandishi, kusoma kwa makini. Mzizi huohuo ndio uliotupa mtaala, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kusoma, na leo tumelipa kazi ya mpango mzima wa masomo ya shule. Mtalii na mtaala ni watoto wa nyumba moja. Kwa asili yake, basi, mtalii ni msomaji, anayeipitia nchi mstari kwa mstari. Ngozi yake na pasipoti yake hazimo katika neno. Nilipolikumbuka hilo nilitulia, nikamwambia mke wangu kwamba tunatalii, na sikuongeza "wa ndani".

Mwanangu mdogo ndiye aliyeleta tatizo la pili. Alikuwa amesoma kitabu cha familia ya Marekani iliyosafiri kwa gari wakati wa kiangazi, ikisimama katika kila mji mdogo kutazama kitu cha ajabu. Marekani mambo hayo yapo kweli. Katika mji mdogo wa Cawker City, jimbo la Kansas, watu hushuka garini kutazama mpira mkubwa wa kamba ya katani ulioanza kuviringwa mwaka 1953 na ambao bado unaongezwa. Mtoto akauliza, "Baba, na hiki ndicho kiangazi?" Nilikaribia kusema ndiyo, kwani kamusi zetu zimezoea kuyapa majira ya joto ya Ulaya jina hilo, na vitabu vya tafsiri vimejaa viangazi vya furaha, vya maziwa baridi na likizo ndefu.

Shemeji akatangulia kujibu: "Kiangazi huku hatukiombi."

Kwa mtu wa Ukambani, kiangazi ni ukame, na Kikamba kina jina lake: thano. Mwaka wao unashikiliwa na mvua mbili. Ya Oktoba hadi Desemba ni nthwa, ya Machi hadi Mei ni uua. Vitabu vya jiografia huziita mvua fupi na mvua ndefu, na mgeni atadhani ile ndefu ndiyo ya kutegemewa. Kinyume chake ndicho kweli: wakulima wengi wa Kitui na Makueni huweka tumaini lao katika nthwa, kwa sababu uua huja ikakatika kabla mahindi hayajakomaa. Sisi wa Pwani mwaka wetu tuliupanga kwa pepo za baharini, kaskazi na kusi, na Agosti kwetu ni kipupwe, baridi ya kujifunika shuka moja. Kwa hiyo safari ya kiangazi ya yule mtoto wa Marekani tulikuwa tukiifanya ndani ya kipupwe chetu, katikati ya thano ya wenyeji. Nilimwambia mwanangu asome "majira ya joto" kila atakapoona neno lile katika kitabu chake, na kiangazi awaachie wanaokijua.

Nina ugomvi na istilahi moja tu katika shughuli hii yote, nayo ni kivutio. Vipeperushi, tovuti za kaunti na taarifa za habari zote zinasema "vivutio vya utalii". Neno limeundwa vizuri: vuta, kivutio, kile kivutacho. Kwa bahari ya Diani linafaa, na kwa tembo wa Tsavo pia, kwa kuwa mtu hutoka Ujerumani akivutwa na hivyo. Lakini hakuna aliyevutwa kutoka Ujerumani na mji wa Sultan Hamud. Mji mdogo haukuvuti. Unaukuta njiani, na wewe ndiye unayeamua kushusha mzigo.

Na kitenzi cha kushusha mzigo tunacho: kutua. Mpagazi hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua hutua. Ukikirefusha kitenzi hicho unapata kutulia, na humo umo utulivu. Mahali pa kutua ni kituo, neno la watu wa misafara ya miguu, na Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Pwani hawajaishika njia ya bara, ni wao waliokuwa wakishusha pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa. Leo kituo kimegawiwa polisi, mafuta na kura, na hatukumbuki tena mzigo wala kichwa kilichoubeba. Lakini kituo pia ni alama ya mwandiko, mahali msomaji anapokata pumzi, na washairi wetu huuita kituo mshororo unaofunga ubeti. Ikiwa mtalii ni msomaji, vituo ndivyo vinavyomwezesha kusoma. Maandishi yasiyo na vituo ndiyo yale niliyoyapita usiku kwa miaka ishirini.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Sultan Hamud yenyewe. Mji ni safu ya maduka, karakana na vibanda vya matunda, na juu yake limekaa jina la mtawala wa Unguja, Hamud bin Muhammad, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile ambayo reli ya Uganda ilikuwa ikipanda bara. Wanaopita hulifupisha kuwa "Sultan", kama wanavyolifupisha jina la jirani waliyemzoea. Baada ya Emali linafuata Simba, kisha Kiboko. Haya mawili mtu wa Kiswahili huyapita bila kuyaona kwa kuwa ni ya kwake mno. Kiboko kilinisimamisha. Hapo upo mto wenye jina hilo, na maji yake, kama ya Makindu na ya Umani karibu na Kibwezi, hutoka chini ya vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni majivu na mawe ya volkano. Mvua ikinyesha juu yake haifanyi mto, huzama yote, na huko chini kabisa ndiko inakochomoza kama chemchemi. Neno lenyewe lina giza lake pia. Kiboko lilikuwa jina la mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, na wakati wa ukoloni babu zetu walilijua zaidi mgongoni kuliko mtoni.

Makindu nitakaa nayo zaidi.

Mtu yeyote wa Pwani angepaswa kulielewa jina hili papo hapo. Mkindu ni ule mtende wa mwituni, na majani yake ndiyo ukindu wanaosukia mikeka mama zetu. Makindu ni mahali pa mikindu. Nilikuwa nikilisikia usiku miaka yote hiyo na sikuwahi kuliunganisha na mkeka niliolalia utotoni. Hapo, kando ya barabara, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, urithi wa mafundi na makarani wa reli waliotoka Punjab. Mlango wake uko wazi kwa kila msafiri, wa dini yoyote na asiye na dini. Unavua viatu, unafunika kichwa, na ndani unakuta chakula.

Tulikaa chini, safu moja na madereva wawili wa malori na familia ya Wahindi kutoka Nairobi. Mzee mwenye kilemba alipita na ndoo ya dengu, akainama mbele ya kila mtu mpaka kiwiko kikakaribia goti, akamwaga kijiko kikubwa katika kile kidimbwi cha sahani ya chuma. Nyuma yake kijana alikuja na chapati, na huyu hakuzirusha sahanini. Aliziweka juu ya viganja viwili vilivyo wazi, kwa hiyo ilibidi kila mmoja wetu anyooshe mikono yote miwili kuipokea yake, na dereva wa lori, mtu wa miraba minne, akainyoosha kama mtoto. Mwanangu akaninong'oneza, "Tunamlipa nani?" Hatukumlipa mtu. Lipo sanduku, anayetaka hutia chochote, asiyetaka huondoka na asante.

Jambo hili Wapunjabi wanaliita langar, na nimetafuta Kiswahili chake tangu siku ile. Sadaka haifai: ina mpaji juu na mpewa chini, na pale tulikuwa tumekaa sakafu moja. Karamu inahitaji mwaliko. Takrima lilikuwa neno zuri la kumkirimu mgeni, lakini siasa za Tanzania zililitumia kwa zawadi za wagombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ikatangaza mwaka 2006 kwamba sheria iliyoruhusu jambo hilo inakiuka Katiba. Tangu hapo neno limebaki na doa. Lililo karibu ni sinia la maulidi, pale wanaume wanne wasiojuana wanapokula sahani moja, lakini hata hilo lina siku yake maalumu, na jiko la Makindu halina siku. Hukumu yangu ni kwamba tulichukue neno lao na kulipa irabu: langari. Gari tulilopandia ni neno la Kihindi, chapati tuliyokula ni ya Kihindi, bima ya gari na laki ya shilingi vilevile, na hakuna anayeyaona mageni. Langari lipite mlango huohuo.

Kutoka Makindu kuna njia ya kwenda Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Andika "Karibuni Wote" juu ya lango la mji huo, na msomaji wa Kiswahili hatajua kama ameambiwa jina la mahali au amekaribishwa yeye na wenzake. Ni mji pekee ninaoujua ambao jina lake kwetu halimwachi mtu nje. Hatukwenda. Agosti si msimu wa maembe, na shemeji ameapa kutupeleka wakati miti imeinama.

Kibwezi tulijaza mafuta tu, tukaiacha barabara kuu na kushika kaskazini, kupita mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu kwa safu. Lami hii ya kwenda Mutomo na Kitui ni ya miaka ya karibuni, na shemeji bado anaisifu kila daraja. Alipokuwa shuleni njia hii ilikuwa vumbi jekundu, na mvua ikinyesha ilikuwa haipitiki. Tukavuka mto Athi, na mbele yetu ukasimama ukuta mrefu, bapa kwa juu, usio na mwanzo wala mwisho. Huo ndio Yatta. Vitabu vya shule vinaufunza kama "uwanda wa juu", na kwa mara moja istilahi ya darasani inatenda haki, kwa sababu kitu hicho ni uwanda kweli na kiko juu kweli. Ni mtiririko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 290, mmoja wa mirefu zaidi duniani. Mamilioni ya miaka iliyopita lava hiyo ilitiririka ndani ya bonde. Kisha ardhi laini ya pande zote mbili ikamomonyoka, lava ngumu ikabaki, na lile bonde sasa ndilo mgongo wa nchi.

Upande wa pili wa Yatta ndipo Kiswahili changu kilipoanza kunidanganya. Shemeji alisema tutapumzika chini ya mwamba. Nikatazama mbele nikitafuta jiwe. Akapaki chini ya mbuyu. Kikamba huuita mbuyu mwamba, na mwamba wetu sisi, ule wa pwani unaopasua majahazi, haumo kabisa katika neno hilo. Mti ulikuwa mnene kiasi kwamba watoto wawili na mama yao, wakiunyooshea mikono, hawakufika nusu yake, na gome lake lilikuwa limebanduliwa vipande virefu na wasukaji wa zamani, likajiponya. Kuanzia hapo tulikuwa tukihesabu miamba upande wa kushoto, na hakuna hata mmoja uliokuwa jiwe.

Lugha hizi mbili zimekaribiana hata masikio yakalegea. Mvua kwao ni mbua, mbuzi ni mbui, njia ni nzia, mji ni musyi, ingawa musyi ni nyumbani kwa mtu kuliko mji wa maduka. Unazoea kubadilisha herufi moja na kuelewa, halafu inakuja mwamba inakuangusha.

Mito nayo inataka neno jipya. Tulipita daraja refu, la zege, lenye nguzo nene, na chini yake hapakuwa na tone la maji: mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na punda wawili katikati. Mwanamke alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo la kina cha mkono, akichota kwa kata ndogo maji yaliyokuwa yakijikusanya taratibu, na kila alipochota alingoja. Kaskazini mwa Kenya mto kama huu huitwa laga, Tanzania wangesema korongo. Mama yule na shemeji wote wawili wanauita mto, na wana haki, kwa kuwa maji yapo. Yanatembea chini.

Juu ya maarifa hayo ndipo walipojenga kile ambacho ripoti za miradi huita "bwawa la mchanga". Ni ukuta wa zege au mawe uliokingamishwa mtoni juu ya mwamba wa chini (wa kwetu, wa jiwe). Mafuriko ya msimu huleta mchanga, ukuta unauzuia, na baada ya misimu kadhaa nyuma yake pamejaa mchanga mtupu ambao karibu theluthi moja ya ujazo wake ni maji. Jua haliyanywi, mbu hawazaliani juu yake. Kitui na Makueni zina kuta hizi kwa mamia, nyingi zikiwa zimejengwa na vikundi vya mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi ya jirani kwa zamu. Lakini "bwawa" kwa msikilizaji wa Kiswahili ni maji yanayoonekana, na mgeni akiambiwa atazame bwawa atatazama mchanga na kusema amedanganywa. Bwawa la wazi la udongo Ukambani lina jina lake, silanga. Hili la mchanga ningeliita ghala: ghala la mchanga. Ghala hufichwa kitu ndani, na hufunguliwa wakati wa njaa.

Mutomo tulilala kwa mama mkwe wangu. Wakamba wana adabu ya mkwe na mkwewe kutokaribiana sana, na adabu hiyo wanaiita nthoni. Nilipoisikia mara ya kwanza, miaka ile ya posa, nilikumbuka neno letu la kale, soni, haya inayomfanya mtu ainamishe macho. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, yeye akakaa uani chini ya mti, na maneno yetu yakawa yanapita kwa mke wangu. Alikuwa akisuka kyondo. Sisi Waswahili wa Kenya tumelichukua neno hilo tukaliita kiondo, viondo. Wao wingi wake ni syondo, na kitenzi chao ni kutuma, ambacho kwetu ni kumpeleka mtu dukani.

Alichukua nyuzi mbili za katani, akazilaza juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja kuelekea goti. Kila uzi ukajisokota peke yake. Akakirudisha kiganja, na katika kurudi kule zile mbili zikakumbatiana zikawa kamba moja. Sekunde mbili. Paja lake lilikuwa na ngozi laini inayong'aa mahali hapo pekee, upana wa kiganja, ngozi ya miaka hamsini ya kwenda na kurudi. Mkeka wetu wa Pwani husukwa ukili mrefu kwanza, kisha ukashonwa. Kyondo hakishonwi: huanzia katikati ya kitako na kuzunguka, kikipanda, mpaka kifike mdomo. Mwanangu akamuuliza mama yake kama bibi angeweza kutengeneza mpira wa Kansas. Swali likapelekwa uani. Jibu likarudi: "Mwambie kamba ikishakuwa mpira haibebi kitu."

Usiku tulikula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi ganda likatoka, yakapepetwa wishwa, yakapikwa na maharagwe. Mahindi na maharagwe yasiyokobolewa yana majina tele: pure kwetu, makande kwa jirani zetu wa Tanzania, githeri Nairobi, na isyo hapa hapa. Lakini muthokoi ni kitu kingine, na tofauti iko katika ile kazi ya kinu. Anayekiita chakula hiki githeri iliyokobolewa amemnyima mtwangaji jina lake.

Siku ya tatu tulifika Nzambani, kilomita chache kutoka mji wa Kitui. Wenyeji wanaiita ivia ya Nzambani, yaani jiwe tu. Kiswahili kingeweza kuchagua: changarawe, kokoto, jiwe, jabali, mwamba, na kwa ukubwa ule wa kupita nyumba ya ghorofa nyingi hatungesita kusema jabali. Nilitaka kuwasahihisha kimoyomoyo, nikaacha. Mtu aliyeishi chini ya kitu kizazi baada ya kizazi ana ruhusa ya kukiita jiwe. Kuna ngazi ya chuma ya kupandia hadi juu, na kutoka juu unaona vilima na mashamba mpaka macho yachoke. Sifa yake kubwa, hata hivyo, iko chini: husemwa kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Watoto walizunguka mara moja na nusu wakaogopa. Nami nikawa nawaza jinsi hadithi hii inavyokisumbua Kiingereza, maana mzunguko wa saba ukikamilika lazima kiwakilishi kibadilike. Katika Kikamba na Kiswahili hakuna kinachobadilika. Amezunguka, amechoka, ameketi, yeye ni yeye.

Kitui mjini tuliamka mapema kwa sababu moja. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, aliyetoka Rabai akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara wa Kitui, aliuona kutoka nchi hii mlima mweupe upande wa kaskazini. Wenyeji walimtajia jina, naye akaliandika kama alivyolisikia kinywani mwa Wakamba, Kenia na Kegnia. Kikamba cha leo husema Kiinyaa, na wengi hulieleza kwa nyaa, mbuni, ambaye dume lake ni jeusi lenye mbawa nyeupe kama ule mlima wenye mawe na theluji. Wakikuyu wana jina lao, Waembu lao, Wameru lao. Lililoshika ramani ni lile lililosikika Kitui. Asubuhi ile mawingu ya kipupwe yalikuwa yamefunika kaskazini yote, hatukuuona mlima. Tulikunywa chai, tukarudi.

Krapf huyohuyo alichapisha mwaka 1850 msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa bega kwa bega. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Nawaomba wanaotunga kamusi zetu leo wairudie njia ile ya Kivoi na kushuka garini: silanga, muthokoi, kyondo na mwethya ni maneno ambayo watu wanayatumia kila siku wakizungumza Kiswahili, kilomita chache kutoka barabara ya Mombasa. Na wewe msomaji, ukipita Makindu likizo ijayo, beba leso ya kufunika kichwa, na usipite usiku.